Zamu ya Bibi Redio

Safari hii kisingizio kilikuwa sofa. Safari iliyopita kilikuwa hewa: chumba chenu, Fundi, hakina hewa ya kuwatosha watu wengi. Kabla ya hapo ilikuwa huruma, mgonjwa aachwe apumzike. Sasa ni sofa. Katibu wa jumuiya alisimama mlangoni kwangu, hakutaka hata kuingia, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa pole kwamba zamu yetu itarukwa tena. Sala itakwenda nyumba ya mbele, kwa mzee karani mstaafu, kwa sababu kwake kuna sofa na wazee wa jumuiya migongo inawasumbua.

"Migongo," nikasema.

"Ndiyo, Fundi. Umri huo."

"Na mama mkwe wangu mgongo wake ni wa chuma?"

Katibu akaangalia viatu vyake. Ni mama mzuri, sina ubaya naye, lakini ana tabia ya kuangalia viatu vyake kila linapotajwa jambo la kweli, na siku ile nilitamani nimvue nivitupe kichochoroni. Akasema yeye ametumwa tu. Nikamwambia aliyemtuma ninamjua, ni Mwenyekiti wetu, ana miguu, angekuja mwenyewe.

Kwa asiyetujua, jumuiya yetu ni nyumba za kichochoro kimoja. Kanisa liko mbali na padri ni mmoja, kwa hiyo kila Alhamisi jioni tunasali wenyewe, nyumbani kwa mmoja wetu. Hakuna kuchagua. Sala inafuata milango: wiki hii mlango huu, wiki ijayo mlango unaofuata, mpaka mwisho wa kichochoro, halafu tunaanza upya. Tuna msalaba wa mbao, umemeguka ncha moja kwa kuangushwa. Ukifika kwako unalala kwako wiki nzima. Wiki ikiisha watu wanakusanyika kwako, mama mwenye nyumba anaubeba mbele, sisi wengine nyuma yake na wimbo, mpaka mlango wa pili. Hapo tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja, kila mtu anasema neno lililomgusa, kisha yanakuja maombi. Mmoja anaomba kwa maneno yake, anamalizia kwa kusema "Ee Bwana," na wote tunaitikia, "Twakuomba utusikie." Basi, ni hivyo tu. Lakini mtu akifiwa tuko kwake, akijifungua tuko kwake, akiumwa tunamchotea maji na kumfulia. Tangu niolewe hapa sijaona kitu kizuri kuliko hiki, ndiyo maana damu ilinichemka kiasi kile. Kitu kibaya kikiharibika mtu halii.

Mama mkwe wangu, watoto wa kichochoroni wanamwita Bibi Redio. Alivunjika nyonga na tangu hapo ni mtu wa kitandani. Mume wangu, mwanawe, ni dereva wa malori, nyumbani anaonekana kwa bahati, kwa hiyo chumbani tuko mimi, mama na cherehani. Kitanda chake nimekiweka chini ya dirisha linalotazama kichochoro, apate mwanga. Alichopata ni habari. Mama akilala pale anajua nani amerudi kazini na nani hajarudi, nani ana kikohozi kipya, mtoto gani ameacha kwenda shule. Na yote anayoyasikia anayapeleka kwenye maombi, kwa sauti, bila kuzungusha. Mdomo wake hauna breki, haukuwa nazo hata alipokuwa msichana, hivyo nasikia.

Kuna siku, tukiwa chumbani humuhumu, aliomba hivi: "Tumwombee jirani yetu muuza nyama, mizani yake inaumwa, inasoma zaidi ya kilichowekwa. Ee Bwana." Watu walicheka mpaka machozi. Tuliitikia huku tumeshika mbavu. Muuza nyama naye alicheka, kicheko cha limau, na wiki iliyofuata akawa na mizani mpya. Mwenyekiti wetu aliisimulia habari ile mpaka parokiani, mbele ya jumuiya nyingine zote, akisema mnaona jumuiya iliyo hai ilivyo, mnaona ukweli unavyoponya. Ndiyo, ni Mwenyekiti huyuhuyu.

Mwenyekiti ana duka la vifaa vya ujenzi mwanzo wa barabara. Saruji, mabati, misumari, rangi, vyote kwake. Mwenye nyumba anayejenga akiulizia fundi, ni Mwenyekiti anayemtaja, kwa hiyo nusu ya wanaume wa kichochoro chetu wanakula kwa kutajwa naye. Si mtu wa makelele. Anaongea taratibu, anatabasamu, akikusalimia anakushika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akisali hufumba macho na kuinua kidevu, na katika kuitikia huwa mbele yetu kidogo, kabla mwombaji hajafunga mdomo yeye ameshaanza, na sisi tunamfuata. Lango lake liko kabla ya mlango wetu. Mkewe anafundisha chekechea, wote tunamwita Mwalimu. Mwanamke mpole, watoto wanamng'ang'ania sketi barabarani. Katika maombi huwa na ombi lake moja lisilobadilika, kwamba watoto wa chekechea wakue katika kimo na hekima.

Sasa siku ile iliyotufukuzisha kwenye zamu, mama aliomba hivi, kwa sauti ileile ya mizani: "Tumwombee Mwalimu. Mumewe anampiga. Ukuta wao na dirisha langu vinatazamana, nasikia kila kitu. Tumwombee mume aache. Na kama hataki kuacha, tuombe nguvu sisi tumwachishe. Ee Bwana."

Niliitikia peke yangu. Sauti yangu ilitoka ikazunguka chumbani ikakosa pa kukaa. Nikamtazama Katibu, yuko kwenye viatu. Nikamtazama jirani yetu mwashi, anakuna goti. Mwalimu alikuwa amekishika kitabu cha nyimbo mbele ya uso wake. Mwenyekiti wala hakukasirika. Alifumba macho, akainua kidevu, akaanzisha wimbo wa Mama Maria, na wale wote walioshindwa kuitikia maneno mawili waliimba beti zote mpaka mwisho, kwa sauti mbili.

Kuanzia hapo tukaambiwa mama akili zimemruka. Ni uzee, Fundi, usijali, tunaelewa. Masikio yaliyosikia ugonjwa wa mizani yalikuwa mazima, yakasifiwa parokiani. Masikio yaleyale yalipomsikia mwanamke anayelia, eti yameharibika! Nilitoa povu, niliongea na kila mtu mmojammoja, na kila mmoja aliniambia pembeni, kwa kunong'ona, kwamba anajua, kwamba wote wanajua, lakini mambo ya ndani ya nyumba za watu yana wenyewe. Basi kwa nini tunasali ndani ya nyumba za watu? Si twende tukasalie uwanjani.

Tangu hapo sala inatupita. Wanakusanyika kwa Mwenyekiti, Mwalimu anabeba msalaba, wanatoka langoni wakiimba, wanapita chini ya dirisha letu, wanakwenda nyumba ya mbele. Na mama, pale kitandani, anaimba nao. Anawadaka wakiwa mbali, anaimba nao wakiwa hapo chini karibu kiasi cha kumgusa, na wakishapita anaendelea kuwaimbia migongo mpaka sauti zao zipotee. Halafu ananiuliza wameingia kwa nani. Mimi roho yangu haikuumbwa kuvumilia kitu cha namna hiyo.

Mwaka huu mama ameisha. Anakula kwa kubembelezwa, nikimgeuza namwona ni mwepesi kama gauni. Katibu alipoondoka na habari zake za sofa, mama, ambaye bila shaka alikuwa amesikia kila neno, akaniita.

"Mwanangu, wanapita tena?"

"Wanapita, mama."

"Mimi si mtoto, sililii wageni," akasema. "Lakini nilikuwa nataka niwaone humu mara moja. Siku ya jeneza langu watajaa mpaka nje, nawajua. Siku hiyo sitaweza kuwaitikia."

Nikatupa mkasi mezani, nikajifunga kanga, nikaenda dukani kwa Mwenyekiti.

Nilimkuta nyuma ya kaunta, mkewe kando yake anapima misumari kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na bandeji kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko.

"Karibu, dada yangu," Mwenyekiti akasema, akaninyoshea ile mikono yake miwili. Sikuipokea.

"Nimekuja kuuliza zamu yetu."

"Katibu hajafika kwako?"

"Amefika na sofa. Mimi nauliza zamu."

Akatabasamu. "Dada, sisi tunamhurumia mama. Watu wengi, makelele, na hali yake ile. Halafu, unisamehe, mtu akishafika umri ule anasema mambo ambayo hata yeye hayajui. Tunamlinda heshima yake."

"Heshima yake iko salama. Mnayoilinda naijua ni ya nani."

Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yaliondoka. Akageukia mkewe. "Mwalimu, mpe dada kiti."

"Sikuja kukaa. Mwalimu, mkono umefanyaje?"

Mwalimu akafungua mdomo, mumewe akawahi. "Ameanguka bafuni. Sabuni."

"Hilo bafu lenu lina chuki naye," nikasema. "Si lilimwangusha tena kipindi cha mvua, akatokea na jicho?"

Misumari ikaacha kulia kwenye mizani. Mwenyekiti akaegemea kaunta, akapunguza sauti, akawa mtaratibu zaidi kuliko mwanzo. Akaniambia niangalie mdomo wangu, kwamba umeanza kufanana na wa mtu fulani. Akaniambia pia kwamba sare za kwaya bado zinatafuta fundi, yeye ndiye anayeamua, na alikuwa amenifikiria mimi.

"Mpe fundi mwenye sofa," nikamjibu, nikatoka.

Nilikuwa nimeshavuka mtaro Mwalimu aliponifuata, amebeba mfuko mtupu, kama mtu aliyetumwa.

"Mama hajambo?" akaniuliza.

"Mama yuko dirishani anawasubiri."

"Anamsubiri nani?"

"Jumuiya yote. Na wewe ndiye unayebeba msalaba, Mwalimu. Kila mara ni wewe unayeupitisha pale mlangoni."

Sikusema kwa upole, nakiri, na sijutii. Nilikuwa nimewakasirikia wote, na yeye nilimtia humohumo. Aliutazama mfuko wake mtupu, akarudi dukani.

Alhamisi sikwenda kuwafuata. Nilijisemea wapite na Mungu wao. Nikaketi kwenye cherehani, nikaanza kushona pindo la pazia, na waliposikika wanaanza wimbo kule kwa Mwenyekiti nikakanyaga pedali kwa nguvu zaidi, nisiwasikie.

"Simamisha hiyo kitu," mama akasema. "Wanakuja."

"Waje wapite."

"Nimesema simamisha, mwanangu."

Nikasimamisha. Mama alikuwa ameshaanza kuimba, kisauti chembamba, macho yako darini. Wimbo ukatoka langoni, ukakaribia, ukawa chini ya dirisha. Mimi nikaukaza uso, nikisubiri uanze kupungua. Haukupungua. Mama akaacha kuimba katikati ya ubeti.

"Wamegeuka," akasema.

Pazia la mlangoni likasogea, Mwalimu akaingia. Msalaba alikuwa ameukumbatia kifuani kwa mkono wake mzima, na ule wa bandeji ameuegemeza chini. Nyuma yake aliingia Katibu, nyuma ya Katibu mzee karani mwenyewe, mwenye sofa zake, na nyuma yao wengine, wote wanaimba na wote wanashangaa, lakini miguu yao haikujua kazi nyingine zaidi ya kuufuata msalaba. Mwenyekiti alikuja karibu na mwisho, amefumba macho na kidevu juu, anaiongoza sauti ya pili. Alijua yuko wapi alipojigonga kwenye meza yangu ya kukatia.

"Tumekosea nyumba," akasema akitabasamu. "Mwalimu, ni mbele."

"Hatujakosea," Mwalimu akasema. Alikuwa anapumua haraka. "Baada ya kwetu ni hapa."

Akauweka msalaba juu ya cherehani yangu, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mama. Mama akautafuta mkono wake mzima, akaushika, akauachia.

Ikawa hivyo. Mimi nilikuwa nimekauka katikati ya chumba na pazia la mteja mkononi, halafu akili zikanirudia, nikaanza kutafuta pa kuwakalisha. Mwenyekiti nilimpa kiti changu cha cherehani, sikuwa na kingine. Katibu na mama mwingine wakakaa juu ya mafurushi ya mabaki ya vitambaa, mzee karani kwenye sanduku la mume wangu, wala sikuusikia mgongo wake ukilalamika. Mwashi alileta kopo la rangi lililokuwa uani akalikalia mlangoni, akiuziba mlango wote kwa mabega yake. Waliokosa nafasi walibaki kichochoroni, chini ya dirisha, vichwa vyao vinaonekana kama vimepangwa rafuni. Hewa iliwatosha wote.

Mwenyekiti ni mtu mwenye akili, hawezi kuzua ugomvi mbele ya watu. Akajikohoza, akasema basi, kwa heshima ya mgonjwa, tutasali kifupi. Injili ikasomwa upesi upesi. Neno lililomgusa kila mtu likapunguzwa likawa neno lililomgusa msomaji peke yake. Na tulipofika kwenye maombi akasema leo kila mtu aombe kimoyomoyo.

"Mimi kimoyomoyo siwezi," mama akasema. "Sikufundishwa."

Mtu mmoja dirishani akapaliwa na kicheko. Mwenyekiti akakubali, nini tena angefanya. Maombi yakaanza kuzunguka. Katibu akawaombea wasafiri. Mzee karani akawaombea viongozi wa nchi, kama kawaida yake, kana kwamba wanamsubiri yeye. Mwashi akaomba afya. Kila ombi, Mwenyekiti alitangulia kuitikia, na sisi tukamfuata, lakini nilimwona jicho moja liko wazi, liko kwa mama. Wote tulikuwa kwa mama. Chumba kizima kilikuwa kimebana pumzi, kama watu wanaosubiri sindano.

Zamu ikafika kitandani. Mama akalamba midomo.

"Mimi leo sina," akasema. "Langu nilishalisema zamani. Nasubiri mniitikie."

Nilisikia Mwenyekiti akishusha pumzi. Mabega yakateremka, kidevu kikapanda, macho yakafumba yote mawili. Hatari ilikuwa imepita, aliyebaki alikuwa mkewe, na ombi la mkewe tunalijua wote kwa moyo.

"Tuwaombee watoto wa chekechea," Mwalimu akaanza, kwa sauti yake ileile ya kila Alhamisi, ndogo, ya kusinzisha. "Wakue katika kimo na hekima. Na tumwombee mwalimu wao, anayepigwa na mumewe nyumbani. Hakuanguka bafuni. Mkono huu ulivunjwa kwa mlango. Jumuiya imsaidie atoke. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie!" Mwenyekiti akaitikia.

Kwa sauti kubwa, mbele ya wote, kama siku zote. Na sisi tukamfuata, kama siku zote, chumba kizima na kichochoro kizima, "twakuomba utusikie," na midomo ilikuwa bado haijafunga pale maana ya ombi ilipotufikia. Yule mtu hajawahi kusikiliza ombi la mwenzake. Miaka yote ile alikuwa anasubiri silabi mbili za mwisho ili aonyeshe sauti yake, na sasa sauti yake ilikuwa imetangulia kumwombea mkewe.

Alifungua macho taratibu. Akatuangalia sisi, akamwangalia mkewe, akaangalia tena sisi. Nafikiri alikuwa anayarudisha maneno kichwani, moja moja, kama mtu anayerudia njia kutafuta alichodondosha. Alipolifikia lile neno uso wake ulibadilika rangi.

"Inuka," akamwambia Mwalimu. Hakukuwa na tabasamu. "Twende nyumbani."

Mwalimu hakuinuka.

"Mambo ya nyumbani yanazungumzwa nyumbani," Mwenyekiti akasema. Akasimama, akamshika mkewe bega. Mimi nikasogea, mkasi niliuchukua saa ngapi sijui. Lakini aliyesema alikuwa mama.

"Mwache. Umeitikia mwenyewe, Mwenyekiti. Tumekusikia."

"Mama, wewe ni mgonjwa."

"Naumwa nyonga," mama akasema. Kisha akawageukia wengine, kwa shida, akajisukuma kwa viwiko mpaka akawaona. "Na ninyi msifurahi. Ninyi mmemfuata yeye. Angekuwa amenyamaza, mngenyamaza."

Hilo ndilo lililokuwa linanikereketa mimi pia, na mama alilitoa kabla yangu. Hatukuwa tumemjibu Mungu wala Mwalimu. Tulikuwa tumemfuata Mwenyekiti, mpaka kwenye kumshitaki Mwenyekiti.

"Mwanangu," mama akamwambia Mwalimu, "rudia."

Mkono wa mumewe ulikuwa bado uko begani mwake. "Ninapigwa," Mwalimu akasema. "Nataka kutoka. Ee Bwana."

Nilianza mimi, wala sikusubiri. Lakini safari hii sauti yangu haikuzunguka peke yake. Mwashi aliitikia kutoka mlangoni, sauti nzito, mtu ambaye kazi zake zote zinapitia dukani kwa Mwenyekiti na watoto wake wanakula kwa kazi hizo. Aliitikia akimtazama Mwenyekiti usoni. Mzee karani akafuata, amechelewa, sauti inakwaruza. Kisha dirishani, kichwa kimoja, kingine, kingine, hawakupatana, kila mtu alikuja kwa wakati wake, lilikuwa itikio bovu kuliko yote tuliyowahi kutoa. Katibu alikuwa wa mwisho. Aliviangalia viatu vyake, akaviangalia, halafu akainua uso na kusema maneno yote mawili kwa sauti safi.

Mwenyekiti hakuitikia. Mkono wake ulitoka begani mwa mkewe kidole kwa kidole.

"Nipishe," akamwambia mwashi.

Mwashi hakunyanyuka kwenye kopo lake. "Peke yako?" akauliza.

Mwenyekiti akautazama mlango, akamtazama mkewe.

"Peke yangu," Mwenyekiti akasema.

Ndipo mwashi akainuka, akaliweka kopo kando, akampisha. Vichwa vya dirishani navyo vikampisha. Mama alifumba macho akamsikiliza akienda, lango likafunguliwa, lango likafungwa.

Sala tuliimalizia kwa wimbo, na ulikuwa wimbo mfupi. Watu wakaaga mmojammoja, wanamgusa Mwalimu mkono mzima, wanamgusa mama mguu. Sikuwapa maneno matamu. Walikuwa wamefanya jioni moja kitu walichopaswa kukifanya jioni nyingi zilizopita, na mkono wa mtu ulikuwa umeshavunjika. Nilimwambia Katibu kesho asubuhi yeye na mimi tunampeleka Mwalimu polisi na hospitali, na asiniletee habari za kutumwa na mtu. Akasema atakuja mapema.

Desturi yetu ni kwamba msalaba ukifika kwako unalala kwako, kwa hiyo ulibaki juu ya cherehani, na Mwalimu akabaki nao. Nilikuwa nasafisha meza ya kukatia, nikiwaza nitamtandikia nini, pazia liliposogea tena. Alikuwa mzee karani. Ameshika mito ya sofa zake, miwili kwapani na mingine kifuani, imemfunika mpaka kidevu. Akaiweka chini, akaipanga kwa mguu mpaka ikaungana, akaondoka kabla sijamshukuru.

"Umefunga mlango?" mama akaniuliza.

"Nimefunga, mama."

"Kwa ndani?"

Nikaenda nikahakikisha komeo. "Kwa ndani," nikamwambia.